Sentimita Moja Iliyoniumbua

Ndugu msomaji, wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimeitumia mara nyingi katika kazi yangu ya uandishi, hususan ninapoandika habari za mitaro iliyobomoka na kuachwa mpaka barabara ikakatika. Sikupata kudhani kwamba iko siku itanigeukia ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Mwanjelwa. Ufa wenyewe ulikuwa wa milango miwili ya kabati, na upana wake haukuzidi sentimita moja. Nami niliuziba. Katika kuuziba huko ndimo lilimokuwa kosa langu kubwa, ambalo leo nakusudia kukusimulia bila kuficha, kwa kuwa huenda nawe unacho chumba cha uani chenye msumeno na nyundo, na Jumamosi huwa unajiita fundi.

KABATI LA BIASHARA

Mke wangu anauza unga, maharage na mchele wa Kyela pembezoni mwa Soko la Mwanjelwa. Biashara hiyo aliirithi kwa mama yake, ambaye meza yake iliteketea pamoja na za wenzake soko lilipoungua mwaka 2006. Tangu hapo familia yao ikajiwekea desturi ya kutolaza mali sokoni. Kila jioni magunia hupakiwa kwenye mkokoteni na kurudishwa nyumbani, na kila alfajiri hupelekwa tena. Ukijumlisha malipo ya mkokoteni kwa mwezi mzima, utaona kwamba sehemu kubwa ya faida huliwa na magurudumu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alipata kibanda cha matofali, mbali kidogo na msongamano wa meza za mbao. Akaona kwamba sasa mali inaweza kulala sokoni, almuradi pawe na kabati imara lenye kufuli. Akakopa shilingi 400,000 katika kikoba cha akina mama wenzake, mkopo wa kulipwa kwa miezi mitano pamoja na riba. Shabaha yake ilikuwa kumpa fundi kazi hiyo.

Mimi nikamkataza. Nilimwambia kwamba fundi wa nini wakati mume wake anayo karakana uani? Ni kweli ninayo: meza ya mbao za paini, msumeno wa mkono, msumeno mdogo wa umeme, randa, patasi na jiliwa. Nilikuwa nimekwisha tengeneza vigoda vitatu na rafu ya vyombo, na sifa za watoto zilikuwa zimenivimbisha kichwa. Nilimhubiria habari za kujitegemea mpaka akakubali. Akanikabidhi fedha zote mkononi, akasema, "Haya, Baba watoto. Fedha hizi si zangu, ni za akina mama. Usije ukaniaibisha."

Nikanunua mabao manne ya plaiwudi yenye unene wa milimita 18, pamoja na bawaba, skrubu, gundi na kufuli. Madukani tunaendelea kuyaita mabao ya futi 8 kwa 4, ingawa kiwanda huyaandika kwa milimita: 2,440 kwa 1,220. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja. Ukilisimamisha bao hilo linakupita kimo, na upepo wa mlima Loleza ukivuma linakusukuma kama tanga la jahazi. Na shida ya kulipata sawasawa huanzia hapo hapo. Ubao mdogo unaweza kuulaza juu ya meza ukauona wote kwa mara moja. Bao kubwa huwezi. Unaliona pembe moja moja, na katikati ya pembe na pembe unategemea imani.

SIKU MBILI ZA KAZI

Ilikuwa mwezi Machi, mvua zikinyesha kila alasiri. Kabati nililokusudia lilikuwa na kimo cha sentimita 180 na upana wa sentimita 110. Nilianza na bao la mgongo, kwa kuwa ndilo litakaloshika umbo zima. Nikachora mstari wa katikati kutoka juu hadi chini, kisha nikakusudia kupima sentimita 55 kila upande. Upande wa juu niliupima Jumamosi mchana kwa futi ya chuma. Mvua ikanikatiza. Jioni niliporudi karakanani futi ya chuma sikuiona, kwa sababu watoto walikuwa wameichukua kupimana urefu, na kila mmoja akidai si yeye aliyeiweka alikoiweka. Kwa kuwa nilikuwa na haraka, nikachukua utepe wa kitambaa wa mke wangu, ule wa kushonea, nikapima kwa huo upande wa chini.

Ndugu msomaji, utepe wa kushonea ukizeeka huvutika. Ule wa mke wangu ulikuwa na umri wa miaka mingi, na katika kila sentimita 55 ulikuwa umeongezeka nusu sentimita. Kwa hiyo juu nilipata 110 kamili, na chini nikapata 111, nami nikiamini kwamba nimepata 110 pote. Jumapili nikakata.

Usije ukadhani kwamba sikufanya uhakiki. Nilikuwa nimepata kusikia kwamba bao huhakikiwa kwa ulalo, yaani kwa kupima kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala nayo kwa hanamu, kisha kupima pembe mbili zilizobaki. Vipimo viwili vikilingana, bao liko sawa. Futi ya chuma ilikuwa imekwisha patikana chini ya kitanda, nikapima ulalo wa kwanza, nikapima wa pili, na vikalingana bila kupungua hata milimita moja! Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Nikamweleza kwa fahari kwamba mumewe amepata pembe mraba nne. Akatabasamu, akarudi jikoni.

Jumapili iliyofuata nilipofunga milango, nikauona ufa. Kwa juu milango ilikutana vizuri kama viganja vya mtu anayeomba. Ilipoteremka ilianza kuachana, na huko chini mwanya ulikuwa umefika sentimita moja. Ulimi wa kufuli, ulio katikati ya kimo, ulikuwa ukigusa tundu lake kwa ncha tu.

UFA NILIOUZIBA

Mtu mwenye busara angeita mkewe hapo hapo. Mimi nilifunga mlango wa karakana. Nikakusanya vumbi la mbao, nikalichanganya na gundi, nikapata ujiujiu mzito, nikaukandika kwenye kingo za milango mpaka mwanya ukatoweka. Ulipokauka nikaupiga msasa, nikapaka rangi ya kahawia mara mbili. Kwa macho kabati lilipendeza kweli kweli.

Lakini mke wangu ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara huona. Alipolifunga na kulifungua mara tatu aliuliza, "Mbona mlango huu unakwaruza?" Nikamjibu kwamba ni unyevu wa masika, mbao zimevimba, mvua zikikatika zitajirudi zenyewe.

Jibu hilo lilikuwa uongo, nami nilijua kwamba ni uongo. Mbao ya kawaida, kama hizi paini zetu zitokazo Sao Hill kule Mufindi, huvimba na kunywea kwa upana kila majira yabadilikapo. Plaiwudi imetengenezwa makusudi ili isifanye hivyo. Ni tabaka nyembamba za mti zilizogandishwa kwa gundi, kwa kawaida tatu, tano, saba au zaidi, na kila tabaka nyuzi zake hukingama na nyuzi za tabaka la jirani. Tabaka moja likitaka kutanuka, jirani yake hulizuia. Ndiyo sababu watu huinunua. Nami nilikuwa nimemweleza mke wangu jambo hilo hilo nilipokuwa nikimshawishi aniachie kazi.

Kabati likapelekwa sokoni. Mkokoteni ukapumzika. Kwa wiki tatu nikawa bwana mkubwa nyumbani, chai ikiletwa kwa sinia. Wiki ya nne ule ujiujiu wangu wa vumbi na gundi ukaanza kubanduka vipande vipande, maana haukuumbwa kuhimili mlango unaofunguliwa mara hamsini kwa siku. Mwanya ukarudi. Na panya mdogo, kama ujuavyo, hahitaji mlango. Humtosha tundu lenye upana wa penseli.

Asubuhi moja mke wangu alirudi kutoka sokoni kabla ya saa tatu, jambo ambalo si kawaida yake. Magunia mawili ya mchele yalikuwa yametobolewa, na mchele uliosalia ulikuwa umechafuliwa kiasi cha kutofaa kuuzwa kwa mtu mwenye heshima. Rejesho la mwezi ule la kikoba ikabidi alitoe katika mtaji. Nilijiandaa kwa maneno makali, na kwa kweli niliyataka. Hakuyatoa. Aliketi kwenye kigoda, mojawapo ya vile vigoda vyangu vitatu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

"Ungeniambia mapema, mimi nisingeweka mchele mle. Ningeweka vitu vya makopo."

Maneno yake yalikuwa hayo tu, kisha akainuka kwenda kupika. Nimepata kusomewa barua za wasomaji waliokasirika, na nimepata kuitwa ofisini na wakubwa nikaulizwa nilichoandika. Hakuna karipio lililopata kuniingia kama lile.

KWA MZEE WA RELI

Siku ya pili yake nilikodi mkokoteni, ule ule tuliokusudia kuukimbia, nikalipeleka kabati kwa mzee mmoja mwenye karakana karibu na eneo la SIDO. Mzee huyo ni seremala wa siku nyingi, lakini ujanani alikuwa katika magenge ya kutunza njia ya reli ya TAZARA.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umeleta mgonjwa."

"Nimeleta, Mzee."

Alilizunguka kabati mara moja bila kuligusa. Kisha akauliza, "Ulipima ulalo?"

"Nilipima, Mzee, na ulilingana."

"Ninaamini. Na upana wa juu na wa chini?"

Nikanyamaza. Akachukua futi yake, akapima juu, akapima chini, akaniachia nisome mwenyewe. Juu 110, chini 111. Akachukua chaki, akachora sakafuni umbo la ndoo: juu jembamba, chini pana, mbavu zake zikiwa zimelala sawa kushoto na kulia. Akanipa uzi, akaniambia nipime ulalo wa umbo lile. Nikapima. Ulalo wa kwanza na wa pili ulilingana kabisa, na hali hata mtoto mdogo angeona kwamba umbo lile halina pembe mraba hata moja.

"Ulalo unasema kweli," Mzee akaniambia, "lakini hujibu swali moja tu, na wewe ulidhani umejibu yote. Lazima kwanza pande mbili zinazotazamana ziwe sawa kwa sawa: upana wa juu na wa chini, urefu wa kushoto na wa kulia. Hapo ndipo ulalo unapokuwa shahidi. Bila hivyo ni shahidi aliyeona nusu ya ugomvi."

Akanisimulia habari za reli. Njia ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na upana wa njia, reli kwa reli, ni milimita 1,067. "Sisi tulitembea na chuma cha kupimia upana huo," akasema. "Tulipima hapa, tukasogea, tukapima tena. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba kwa kuwa Dar es Salaam ni sawa basi na Mbeya ni sawa. Treni haipiti kwenye imani ya mtu."

NAMNA YA KULIPATA BAO SAWASAWA

Nilikaa kwake siku tatu, baada ya saa za kazi, naye akanifundisha tangu mwanzo. Nitakueleza aliyonifundisha kwa mpangilio, ili mabao yako yasipotee kama yangu.

Jambo la kwanza, usiamini kingo za kiwandani kwa sababu tu zimenyooka machoni. Kwa kawaida ni nzuri, lakini bao limesafiri, limeangushwa, limelala kwenye unyevu na pembe zake zimegongwa. Bao zima lenye vipimo kamili vya 2,440 kwa 1,220 lina ulalo wa milimita 2,728. Pima pande zote nne kwanza, kisha pima ulalo mara mbili. Ukipata tofauti ya milimita tatu au nne, usilaumu wala usihuzunike. Jua tu kwamba kazi ya kulinyoosha ni yako.

Jambo la pili, chagua ukingo mmoja, mmoja tu, uufanye kuwa mama wa kingo zote. Ukaguzi wake ni wa ufito mrefu ulionyooka au uzi mwembamba uliokazwa. Na ufito wenyewe nao hukaguliwa. Chora mstari kwa kuufuata, kisha ugeuze upande wake wa pili, uulaze juu ya mstari ule ule na uchore tena. Ufito ulionyooka mistari yake itakuwa mmoja. Ukiwa umepinda, mistari itaachana katikati, na mwachano utakaouona ni mara mbili ya kasoro iliyomo.

Jambo la tatu ni pembe. Skwea ya fundi, ile ya chuma yenye pembe mraba, hukaguliwa kwa njia hiyo hiyo. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze, chora tena mahali pale pale. Mistari ikiachana, skwea yako imepinda, na umeonyeshwa kasoro yake mara mbili. Lakini hata skwea iliyo nzima ni fupi kwa bao kubwa. Ikikosea milimita moja katika sentimita 30, ukiuvuta mstari wake hadi sentimita 120 umekosea milimita nne. Kwa bao kubwa tumia kanuni ya tatu, nne na tano, ambayo waashi wetu huitumia kila siku wanapochimba misingi. Toka kwenye pembe, pima sentimita 90 kwenye upande mfupi na sentimita 120 kwenye upande mrefu. Nafasi kati ya alama hizo mbili ikiwa sentimita 150 kamili, pembe ni mraba. Ikizidi, pembe imefunguka. Ikipungua, imejibana. Elimu hiyo ni kongwe mno. Watu wa Babeli waliandika namba za aina hiyo kwenye vibao vya udongo miaka zaidi ya 3,500 iliyopita.

Jambo la nne, pima kwa kifaa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hili sina haja ya kukueleza sababu yake. Mzee ameniongezea kwamba kipande kidogo cha chuma kilicho kwenye ncha ya futi kikichezacheza si kibovu. Kimeachwa kicheze kiasi cha unene wake chenyewe, ili futi iseme kweli unapoining'iniza ukingoni na hata unapoisukuma ukutani. Kilichopinda kwa kuangushwa ndicho cha kuogopwa. Na unapohitaji vipande vingi vya urefu mmoja, usikitumie kipande cha kwanza kupimia cha pili, na cha pili kupimia cha tatu, maana kila kimoja kitarithi kosa la mwenzake na kuongeza lake. Weka alama kwenye ufito mmoja, na vyote vipimwe kwa huo.

Jambo la tano, kumbuka kwamba msumeno hula. Msumeno wa umeme hupoteza milimita mbili hadi tatu katika kila mkato. Bao la 1,220 haliwezi kukupa vipande viwili vya 610. Ukitumia msumeno unaokula milimita tatu, litakupa viwili vya 608.5. Asiyelihesabu hilo huishia kumlaumu aliyemwuzia. Vilevile tegemeza bao lote kwa vipande vya mbao chini yake, pande zote mbili za mkato, ili lisijifunge na kuung'ata msumeno. Huo ni usalama wako pia. Funga ufito wa kuongozea kwa klampu mbili, na chana mstari kwa kisu kwanza ili tabaka la juu lisichanike. Kwa msumeno wa duara wa mkono, uso mzuri wa bao uelekee chini, kwa kuwa meno yake hukata yakipanda. Kwa msumeno wa kawaida wa mkono, uso mzuri uwe juu.

Jambo la sita ndilo lile lililoniumbua. Ukimaliza kukata, pima upana juu, katikati na chini. Pima urefu kushoto na kulia. Kisha, na hapo tu, pima ulalo.

KOSA LIKUZWE

Siku ya tatu Mzee alinionyesha jambo ambalo limekaa kichwani mwangu kuliko yote. Anayo mashine ya msumeno wa meza, na juu yake kitoroli cha mbao alichokitengeneza mwenyewe, chenye kizuizi cha kuegemezea ubao ili ukatwe kwa pembe mraba. Nilimwuliza anajuaje kwamba kizuizi hicho hakikosei hata kidogo. Alichukua kipande cha plaiwudi, akakata ukingo mmoja. Akakizungusha, ukingo uliokwisha katwa ukaegemea kizuizi, akakata wa pili. Akaendelea hivyo mpaka kingo zote nne. Kisha akakata mara ya tano kwenye ule ukingo wa kwanza, akaondoa ukanda mwembamba. Akaupima ukanda huo upana kwenye ncha zake mbili. Tofauti ya ncha hizo, akaniambia, ni kosa la kizuizi likiwa limekuzwa mara nne, kwa kuwa kila mzunguko umebeba kosa na kulikabidhi kwa unaofuata. Ukiona milimita nne, ujue kizuizi kimekosea milimita moja katika urefu huo. Kilegeze, kirekebishe, ukate tena.

Nilitazama ukanda ule mkononi mwake, nikaona haya. Ufito hugeuzwa ili kosa lionekane mara mbili. Skwea hugeuzwa ili kosa lionekane mara mbili. Kitoroli hukatiwa mara tano ili kosa lionekane mara nne. Kumbe ufundi wote wa mzee huyu, na wa waliomfundisha, ni hila za kulikuza kosa likiwa bado dogo, lisipate mahali pa kujificha. Nami nilikuwa nimetumia siku nzima, gundi na rangi ya mikono miwili kufanya kinyume chake.

Na isitoshe, mimi ni mwandishi wa habari. Chuoni nilikopata stashahada yangu tulifundishwa kwamba gazeti likikosea lazima lisahihishe, kwa jina na kwa tarehe, hata kama kosa ni la herufi moja katika jina la mtu. Nimepata kuandika masahihisho ya aina hiyo kwa mkono wangu. Ni aibu ya siku moja, na kesho yake msomaji anakuamini zaidi. Ajabu ni kwamba heshima niliyompa msomaji nisiyemjua, sikumpa mwanamke tunayekula naye sahani moja.

Jioni ile nikamweleza mke wangu yote, tangu utepe wa kushonea hadi ujiujiu wa vumbi. Nikachora lile umbo la ndoo kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Utepe ule umekwisha, nilikuwa naujua. Nguo zote nazipunguzia. Ungeniuliza ningekwambia." Nilikuwa na jirani wa ukweli ndani ya nyumba, nami sikumwuliza.

Nikalivunja kabati. Mgongo nikaukata upya kwa ulalo na kwa upana, mbavu nikazisimamisha upya, milango ikabaki ile ile kwa kuwa yenyewe haikuwa na kosa. Rejesho la kikoba la miezi miwili nimelitoa katika mshahara wangu, na mchele uliopotea nimeulipa kwa kidogo kidogo mpaka ukaisha.

Siku ya kulirudisha kabati sokoni, kabla ya mkokoteni kufika, mke wangu alitoka na futi ya chuma mkononi. Sikumwambia la kufanya. Akapima upana juu. Akapima chini. Akapima katikati. Kisha akaniita nishike ncha, tukapima ulalo wa kwanza, tukapima wa pili. Akaandika tarakimu zote kwenye daftari lake la madeni, akafunga mlango, akazungusha ufunguo. Ukalia mara moja.

"Haya," akasema. "Sasa lete mchele."